Bahasha ya Mazoezi

Nimesimamia mitihani ya shule ya msingi kwa miaka kumi na minane. Mtoto anayeangalizia namjua kabla hajageuza shingo: pumzi hubadilika kwanza, kisha mabega, jicho huja mwisho. Mume wangu hunitania kwamba hata mkate nikinunua naugeuzageuza kama karatasi ya mtahiniwa. Si uongo, kazi imenilea hivyo. Ndiyo maana sina cha kujitetea kwa yale niliyoyaona nikayapisha njia, mwaka ambao shule yetu iliingia kwenye shindano la chemsha bongo la televisheni.

Shule yenyewe iko Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Ukifundisha pale unajifunza kunyamaza kila spika ya muuza viatu inapopandisha sauti, na kuendelea inapopumua. Mwalimu mkuu alikuwa ametenga chumba kimoja kwa ajili ya kompyuta. Kilikuwa na nondo madirishani, mlango wa chuma na meza ndefu zilizopakwa rangi, ila kompyuta haikuwamo hata moja. Zawadi ya mshindi wa shindano ilikuwa kompyuta kumi. Siku barua ya mwaliko ilipofika aliniita ofisini akasema, "Mwalimu, nitafutie watoto watatu."

Nahodha hakunisumbua kumpata. Alikuwa binti wa darasa la sita, mwembamba, mwenye tabia ya kukuangalia mpaka umalize sentensi. Baba yake ni fundi cherehani, anashonea kwenye baraza ya duka moja la vitenge Mtaa wa Kongo, na yule binti alikuwa amesoma kila kipande cha gazeti kilichowahi kufungia kitambaa pale. Wa pili alikuwa mvulana wa Jangwani, mpenzi wa mpira na ramani. Mvua zikijaza bonde alikuja shule suruali imekunjwa magotini, akatueleza maji yametokea upande gani. Wa tatu alikuwa msichana mdogo wa darasa la tano aliyekuwa akijibu hesabu kabla sijaweka chaki chini.

Raundi ya kwanza tulienda kwa miguu mpaka Posta, tukikatiza Mnazi Mmoja, watoto wamevaa sare zilizopigwa pasi mpaka zinang'aa. Studio ilikuwa ghorofa ya nne. Humo ndani palikuwa na baridi ya kiyoyozi na taa kali. Kabla ya swali lolote, kijana mmoja wa kipindi alisimama mbele yetu akasema, "Haya, wote pigeni makofi kama timu yenu imeshinda. Shangilieni!" Tukashangilia. Kamera zikarekodi. Kisha akasema, "Sasa nyuso za huzuni." Tukahuzunika. Nilimgeukia mwalimu wa shule nyingine, tukacheka, lakini moyoni kitu kilinikereketa. Niliwaza, kama furaha inarekodiwa kabla ya jibu, ni nini kingine kinachotangulia humu?

Tulishinda, na siku ile tulishinda kihalali, hilo naweza kuapa. Tulipokuwa tunashuka ngazi, dada mmoja wa kipindi alinikimbilia. Alikuwa mtayarishaji msaidizi, mchangamfu, mwenye kumwita kila mtu "mpenzi". Akanikabidhi bahasha ya kaki.

"Mazoezi hayo, Mwalimu. Ya nusu fainali. Wasomeshe watoto."

"Shule zote mmezipa?"

"Waliofuzu wote, mpenzi," akasema, tayari amenipa mgongo.

Ndani ya bahasha mlikuwa na kurasa nne za maswali yaliyochapwa, hayana nembo wala saini. Nilizisoma usiku nikazirudia asubuhi. Nikaenda stationari ya jirani nikatoa nakala tatu. Kwa wiki mbili, baada ya masomo, tuliyapitia yale maswali mpaka watoto wakayakariri. Moja lilikuwa na kosa la uchapaji. Liliuliza ni mlima upi wenye volkano hai ambao Wamasai huuita "Mlima wa Mugu". Watoto walicheka sana. Mvulana wa Jangwani akawa akiingia darasani anasema, "Shikamoo, Mwalimu, nimetoka Mlima wa Mugu."

Siku ya nusu fainali nilikaa safu ya pili. Maswali matano ya kwanza yalikuwa mageni. La sita mtangazaji alitazama kadi yake akasoma kwa sauti yake ya asali: "Ni mlima upi hapa nchini wenye volkano hai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mugu..." Akasita. "Samahani. Mungu. Mlima wa Mungu. Turudie."

Kamera zilisimama, zikaanza tena. Mvulana wetu alibonyeza kitufe kabla swali halijafika nusu, akataja Ol Doinyo Lengai, makofi yakalia. Mimi sikupiga. Mikono ilikuwa mapajani. Kosa lile lile, herufi ile ile moja iliyopotea. Baada ya hapo yalikuja maswali mengine saba kutoka kwenye zile kurasa, na yote tuliyapata.

Wakati wa mapumziko nilimfuata mwalimu wa wapinzani wetu kwenye meza ya maji. Alikuwa mama mtu mzima, wa shule ya upande wa Temeke.

"Poleni," nikamwambia. "Yale mazoezi yalikuwa magumu."

"Mazoezi gani?"

"Waliyotupa. Kwenye bahasha."

Aliweka glasi chini. Alinitazama tu, kisha akawatazama watoto wangu waliokuwa wanarukaruka karibu na mlango, kisha akanitazama tena. Mtazamo ule naujua, maana ndio niutumiao mimi siku ya mtihani, nikisimama nyuma ya dawati la mtoto bila kusema neno.

Tukarudi kwa miguu. Mvulana alitangulia akiwaigiza wapinzani walivyobabaika, na yule mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Nahodha alitembea kando yangu. Tulipofika Mnazi Mmoja akasema, "Mwalimu, wenzetu hawakupewa ile karatasi, eti?"

"Nani kakwambia?"

"Niliwaangalia. Kwenye lile swali la mlima hawakucheka."

Nilimwambia pengine walipewa lakini hawakusoma vizuri. Alisema, "Sawa, Mwalimu," na hakuongea tena mpaka tulipoachana kwenye kona ya mtaa wao. Nilijua hakunisadiki.

Kesho yake nilimpigia simu yule dada wa kipindi. Nilimuuliza wazi kwa nini maswali ya kwenye bahasha yametokea kwenye shindano. Akacheka.

"Mwalimu, maswali ni maswali. Dunia ina maswali mangapi?"

"Na kwa nini shule ya Temeke hawakupata bahasha?"

Kisha sauti ikawa ya kubembeleza. "Sikiliza, mpenzi. Watu wanawapenda watoto wako. Tumeshampiga picha baba wa yule binti kwenye cherehani yake, na duka, na zile rangi za vitenge nyuma. Unajua watazamaji watalia? Wewe waandae tu watoto."

Hakukiri kitu. Nikisimamishwa mahakamani leo sina neno hata moja la kumshikia. Lakini nilikata simu nikiwa nimeelewa kwamba kuna mtu ameshaamua nani anafaa kushinda, na sababu si akili ya mtoto bali uzuri wa vitenge vilivyoko nyuma ya baba yake.

Nilienda kwa mwalimu mkuu. Nilimweleza kuhusu bahasha, Mugu, Temeke na simu. Alinisikiliza huku anakunja na kukunjua miwani yake.

"Sasa unataka nini, Mwalimu? Tujitoe?"

"Nataka tuwaandikie. Waseme kama shule zote zinapewa."

"Chumba kile kina miaka mitatu kinasubiri," akasema. "Kuna watoto wanamaliza darasa la saba hawajawahi kugusa kompyuta. Na bahasha ulipokea wewe. Sikuipokea mimi." Alivaa miwani. "Hilo nalo ulifikirie."

Nililifikiria, na sikuandika barua. Siku hizo nilianza kumshuku kila mtu. Nilimshuku mwalimu mkuu kwamba alishaongea na watu wa kipindi kabla yangu. Nilimshuku mwalimu mwenzangu wa sayansi, aliyekuwa akinisalimia kwa tabasamu refu kuliko kawaida. Nilimshuku hata fundi, baba wa nahodha, kwamba huenda kakubaliana nao kitu siku walipokuja kupiga picha. Kisha nikapita dukani nikamkuta ananyoosha pindo la gauni la mteja, akaniuliza kwa wasiwasi kama binti yake anakula vizuri mchana maana usiku hali. Niliona aibu.

Wiki moja kabla ya fainali, kijana wa bodaboda alileta bahasha ya pili shuleni. Hii ilikuwa imefungwa kwa gundi ya karatasi pande zote. Sikuifungua. Niliitia kwenye droo ya meza yangu ofisini, nikafunga kwa ufunguo. Kwa watoto nilisema, "Safari hii hakuna karatasi. Tunasoma vitabu vyetu." Mvulana alilalamika. Nahodha alinitazama mpaka nikamaliza sentensi, na kwa mara ya kwanza tangu nusu fainali akatabasamu.

Siku moja kabla ya fainali mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mvulana wa Jangwani alichelewa, na kipindi cha pili nilipouliza habari zake nikaambiwa yuko kwa mwalimu mkuu. Wengine wawili pia wako huko, "wanasaidia kupanga vitabu." Nilienda ofisini kwangu kwanza. Droo ilikuwa imefungwa vile vile. Niliifungua. Bahasha ilikuwa mahali pake, lakini gundi ya upande mmoja ilikuwa mpya, nyeupe zaidi kuliko ile ya pande nyingine. Funguo za akiba za meza zote zilikuwa kwa mwalimu mkuu.

Nilipofika mlangoni kwake watoto walikuwa wanatoka. Yule mdogo alikuwa anataja miji mikuu chini kwa chini, kama anayesali. Nahodha alipita karibu yangu bila kuniangalia. Nadhani aliamini na mimi nilikuwamo. Nilipaswa kumshika mkono pale pale nimweleze. Kengele ikalia, korido ikajaa, nikajiambia nitamweleza kesho njiani. Kesho yake mwalimu mkuu alikodi gari, akakaa na watoto nyuma, mimi nikakaa mbele na dereva.

Fainali ilikuwa na watu wengi. Mwalimu mkuu alivaa suti, alikaa safu ya kwanza. Fundi hakuweza kuja, alikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Swali la kwanza nahodha alilijibu. La pili yule mdogo. La tatu mtangazaji aliuliza habari za mto unaopita katika nchi fulani za kaskazini. Nahodha akabonyeza kitufe. Taa yetu ikawaka.

Hakujibu. Mtangazaji akatabasamu, akasubiri. Mvulana alimgusa kiwiko. Nikaona pumzi yake imebadilika, nikaona mabega.

"Nahodha, muda unakwenda."

"Hili swali tulisomewa jana," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini alikuwa na kipaza sauti kifuani na studio nzima ilisikia. "Na lile la kwanza. Tulisomewa ofisini. Na nusu fainali tulipewa karatasi. Sijui kama hawa wenzetu walipewa. Kama hawakupewa siyo haki."

Kisha mtu akapiga kelele gizani nyuma ya kamera, "Kata! Kata hapo!"

Yule dada wa kipindi alifika mezani mbio, akainama, akamnong'oneza mtoto kwa muda mrefu. Nilinyanyuka. Kijana wa makofi akanizuia kwa mkono. "Mwalimu, tafadhali, kaa." Na mimi nikakaa. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo, si bahasha.

Waliendelea kurekodi. Nahodha aliweka mikono mapajani na hakukigusa tena kitufe. Mvulana alijaribu maswali mawili, akakosa moja kwa kulia. Wapinzani, shule moja ya kulipia, walijibu haraka haraka, na mara mbili nahodha wao alibonyeza kabla mtangazaji hajafika kwenye neno la maana. Niliona. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kuona nami.

Kwenye gari mvulana alimwambia, "Ungenyamaza tungepata kompyuta." Mwalimu mkuu hakumkemea.

Kipindi kilirushwa Jumamosi iliyofuata, saa kumi jioni. Mwenye duka la vitenge, mzee wa Kihindi aliyezaliwa mtaa ule ule, aliigeuza televisheni yake itazame barazani. "Fundi, acha cherehani leo," akasema. "Mtoto wako anatoka." Wateja walisimama na mifuko yao, wauza soksi wakasogea, na mimi nilikuwa nimealikwa, nimepewa soda na kiti. Nahodha alikaa juu ya robota la vitenge, miguu inaning'inia.

Kwanza walimwonyesha fundi kwenye cherehani, muziki laini nyuma. Watu wakashangilia. Likaja swali la tatu. Nahodha akabonyeza, taa ikawaka, kamera ikamsogelea. Mdomo ukafunguka kidogo. Kisha ikalia kengele ya muda kuisha. Maneno yake yote yalikuwa yamekatwa. Waliunganisha mdomo ulio wazi na kengele, basi. Halafu wakaonyesha nyuso zetu za huzuni, zile tulizorekodi siku ya kwanza. Mimi nilikuwamo, nimenuna vizuri sana.

"Kaganda huyo!" mtu akasema.

"Kamera zile zinatisha, msimcheke."

"Sasa kwa nini kabonyeza kama hajui?"

Fundi alikuwa anamtazama binti yake, na usoni niliona ameshasikia habari hii nyumbani na hakuiamini. Mtoto akatazama chini. Hakutaka hata kunitazama mimi, mtu pekee pale aliyeisikia sauti yake studio.

Nikaweka soda chini nikasimama. "Hakuganda," nikasema. "Alisema. Wamekata."

Niliwaeleza yote pale barazani. Bahasha ya kwanza, jinsi nilivyotoa nakala, jinsi nilivyowakaririsha watoto wiki mbili. Bahasha ya pili na gundi yake. Maneno ya mtoto niliyarudia kama alivyoyasema, moja moja. Sikumtaja aliyefungua droo, nilisema ilifunguliwa. Watu walinisikiliza, wengine wakaanza kuondoka taratibu, kama watu wanaoogopa kuitwa mashahidi.

Mwenye duka alikuna kidevu. "Sasa, Mwalimu, hiyo karatasi ya kwanza. Wakati unawafundishia, hukujua?"

"Nilijua nusu," nikasema. "Nusu nyingine sikutaka kuijua."

Aliitikia kwa kichwa, si kwa kunisamehe. Fundi alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye robota. Alisimama mbele ya binti yake, futi ya kupimia imemning'inia shingoni.

"Mama," akamwambia, kama wababa wa huku wanavyowaita binti zao, "juzi nilikwambia unasingizia."

"Ndiyo, baba."

"Nimekosa. Unisikie mbele ya watu hawa. Nimekosa."

Mtoto ndipo akalia, kwa sauti, kama mtoto wa chekechea, na baba yake akamshusha kutoka kwenye vile vitenge akamwingiza ndani.

Jumatatu mwalimu mkuu alinipokea akiwa amesimama. "Umewaeleza watu dukani."

"Nilikueleza wewe kwanza, mkuu."

Wiki ile ile nilihamishiwa darasa la pili, na maandalizi ya mashindano akapewa yule mwalimu wa sayansi. Kuhusu droo hakuwahi kukiri, nami sikuwahi kumuuliza. Mtaani maneno yalikuwa ya kila aina. Wapo waliosema nilihongwa nikadhulumiwa, ndiyo maana nikapayuka. Wapo waliosema nilitunga ili kuficha kwamba sikuwaandaa watoto. Yule dada wa kipindi alinifungia kwenye simu. Baadaye, kwenye semina ya walimu, nilikutana na mwalimu wa ile shule iliyoshinda, nikamuuliza kuhusu mazoezi. Alinishangaa. "Tulipewa, ndiyo. Si kila aliyefuzu alipewa?" Alisema kwa wepesi, macho yametulia, na mpaka leo sijajua kama alikuwa mkweli, au kama yule mama wa Temeke ndiye aliyenificha, au kama watu wa kipindi walikuwa wanagawa kwa kuchagua kila raundi. Nimeyapanga kwa kila namna, hayakai sawa.

Nahodha alimaliza darasa la saba akafaulu. Siku ya kuchukua cheti chake alikuja mpaka darasa la pili, nilipokuwa nakusanya madaftari. Amerefuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hongera."

Alisimama kando ya meza, akanipa mikono miwili, kisha hakuondoka. Nilijua ana swali.

"Mwalimu, ile karatasi ya kwanza. Nisingesema kule studio, ungewaambia watu?"

Nilitamani kusema ndiyo. Watoto wa darasa la pili walikuwa wanapiga kelele, spika ya nje inataja bei za viatu, na yeye ananisubiri nimalize.

"Sijui," nikamwambia.

Alinitazama kidogo. "Sawa, Mwalimu," akasema, akachukua nusu ya madaftari kutoka mikononi mwangu, akanisaidia kuyabeba hadi ofisini.